Minara 758: ruzuku ilifika wapi, iliishia wapi

Tarehe 13 Mei 2023, jijini Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao wengi tunaujua kwa jina la UCSAF, ulisaini mikataba na kampuni tano za simu. Kazi ilikuwa kujenga minara 758 katika kata 713 ambazo ama hazikuwa na mtandao kabisa au zilikuwa na mtandao wa kubahatisha. Tigo ilichukua minara 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Gharama ya mradi mzima ilitajwa kuwa kama shilingi bilioni 265, na ndani yake ruzuku ya Serikali ni takribani bilioni 126. Watakaofikiwa: watu milioni 8.5 katika vijiji 1,407.

Namba hizi zilisomwa kwenye taarifa za habari wiki ile, kisha zikapita. Zinastahili kukaliwa kidogo. Ukigawanya, mnara mmoja kwa wastani unagharimu shilingi milioni 350. Serikali inatoa 166, kampuni inaweka iliyobaki. Kila mnara unategemewa uhudumie watu 11,000 na ushee, na ruzuku ukiigawa kwa kichwa inakuja kama shilingi 14,800 kwa mtu mmoja, pesa ambayo ni shida kupata nayo hata kitochi kipya dukani. Kwa fedha za umma, hiyo ni bei nzuri sana. Nalisema hili mapema kwa kuwa mengi ninayoyaandika huko chini ni lawama, na nisingependa mtu aondoke akidhani mradi huu ulikuwa mbovu. Ulifikiriwa vizuri. Ila kilichofikiriwa vizuri ni upande mmoja wa jambo, upande wa mnara.

Kwa nini mnara haujijengi

Kampuni ya simu haiendi mahali kwa sababu watu wapo. Inakwenda kwa sababu watu wanaweka salio. Tufanye hesabu ya mfano, namba zake ni za kwangu: kata yenye watu 11,000, nusu yao watoto, laini zinazofanya kazi 3,000, kila laini inatumia shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni milioni 72. Ndani yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo inayobaki mkononi mwa kampuni ni milioni 52 hivi. Hapo bado hajalipwa mlinzi, haijanunuliwa dizeli ya jenereta ambako TANESCO haijafika, fundi hajapanda pikipiki siku tatu za mvua kwenda kuangalia betri zilizokufa. Mtaji wa milioni 350 kwa mapato hayo haurudi leo wala kesho. Mkurugenzi wa fedha yeyote mwenye akili timamu ataupeleka mnara huo Mbezi au Mwanza mjini.

Ndiyo maana Mfuko ulianzishwa. Sheria yake ni ya mwaka 2006, kazi zikaanza 2009. Kampuni zinachangia sehemu ya mapato yao, Serikali inaongezea, wafadhili nao wanaingia. Minara hii 758 imo ndani ya Mradi wa Tanzania ya Kidijitali, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 150 mwaka 2021. Utaratibu wa kugawa fedha ndio sehemu ninayoipenda zaidi. Mfuko unaorodhesha kata, unatangaza zabuni, na kampuni zinataja kila moja inahitaji ruzuku kiasi gani ili iende pale. Anayeomba kidogo na kutimiza masharti anaondoka na kata. Mnara ni mali yake, na kuuendesha ni juu yake. Serikali hailazimiki kukisia gharama za kampuni. Kampuni zenyewe zinazisema kwa kushindana.

Kuna jambo moja halisemwi sana kuhusu hesabu ile ya mfano. Kodi iliyokatwa pale ni kama milioni 20 kwa mwaka. Maana yake, mnara ukifanya kazi sawasawa, Hazina inairudisha ruzuku yake ya milioni 166 ndani ya miaka minane na kitu, kwa kodi za wanakijiji peke yao. Sio yote ni mapato mapya, maana wengine walikuwa wakipanda mlimani au kwenda senta kupiga simu na kodi wakilipa. Lakini kiasi kikubwa ni kipya. Kwa hiyo tukiita fedha hii msaada kwa wananchi wa pembezoni, tuiite kwa sauti ya chini. Ni mtaji, na unarudi.

Serikali ilitangulia, mtandao ukafuata

Uharaka wa mwaka 2023 haukutokana na watu kukosa kuangalia video. Ulitokana na Serikali yenyewe kuhamia kwenye simu na kompyuta huku kata 713, zaidi ya moja katika kila sita nchini, zikiwa hazijapata mtandao wa kueleweka.

Angalia mbolea ya ruzuku. Msimu wa 2022/23 mkulima alitakiwa aandikishwe kwenye mfumo, apate namba kwa ujumbe wa simu, aende nayo kwa wakala wa pembejeo, na wakala naye ahakiki kwenye mfumo kabla hajatoa mfuko. Mtandao ukikatika kwa wakala, foleni inasimama, na mvua haisubiri. Au mtazame mwalimu wa shule ya msingi ambaye sasa anatakiwa ajaze majukumu yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, aombe uhamisho kwenye mfumo, aangalie hati yake ya mshahara kwenye mfumo. Mwalimu wa Kinondoni anafanya hayo akiwa kwenye daladala. Mwenzake wa kijiji kisicho na mnara anasubiri Jumamosi, anapanda bodaboda hadi senta, ananunua bando, anakaa chini ya mti mpaka ukurasa ufunguke. Nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi bei ya bando lenyewe, na hakuna anayemrudishia.

Ukiingia nyumba nyingi za vijiji vya namna hiyo utaikuta simu haiko mfukoni. Imewekwa kwenye kikombe dirishani au imening'inizwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mlango, mahali palepale ambapo mtandao unashika kapau kamoja. Ikiita, mwenye nyumba anakimbia, anabonyeza kipaza sauti bila kuitoa ilipo, maana ukiisogeza hatua moja umemkata mtu. Siri za familia husikika na jirani, ila ndivyo maisha yalivyo.

Kata si kijiji

Sasa turudi kwenye orodha. Kata 713, vijiji 1,407. Ni vijiji viwili kwa kata, kwa wastani. Kata za vijijini mara nyingi zina vijiji vitatu, vinne, hata zaidi, na kila kijiji kina vitongoji vyake vilivyosambaa. Bila shaka baadhi ya vijiji vilivyoachwa vilishakuwa na mtandao. Lakini mpango unaotumia kata kama kipimo una udhaifu wa wazi: mnara mmoja ukisimama, kata nzima inahamia kwenye safu ya zilizofikiwa, hata kama upande wa pili wa mlima hakuna kitu.

Na milima tunayo. Mawimbi ya simu yanakwenda mstari ulionyooka kadiri yanavyoweza; kwenye mabonde ya Uluguru, Makete, Ludewa, au vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika vilivyobanwa kati ya maji na mwamba, mnara ulio kilomita nne unaweza usikufae chochote. Kampuni iliyoshinda zabuni kwa kuomba ruzuku ndogo ina kila sababu ya kuuweka mnara karibu na barabara, karibu na umeme, karibu na gulio. Siilaumu. Ndivyo mashindano yalivyowekwa: anayefikiria kupanda kilimani na kuchimba barabara ya kufikisha vyuma ataomba ruzuku kubwa na atashindwa. Masharti ya zabuni ndiyo yanayotakiwa kumlinda mwanakijiji hapa, na masharti yanayozungumzia kata hayamlindi wa kitongojini.

Kuna na suala la laini. Kata moja, mnara mmoja, kampuni moja. Chukua kijiji ambacho watu wake wamezoea Vodacom kwa sababu walipokuwa wakipanda mlimani ndiyo iliyokuwa ikishika, akiba zao ziko M-Pesa, namba zao ndizo wanazozijua watoto wao walioko Dar. Mnara unakuja, ni wa Tigo, ambayo tangu mwishoni mwa 2024 inaitwa Yas. Kutuma pesa kati ya mitandao kunawezekana siku hizi, kampuni ziliunganishwa miaka mingi iliyopita. Lakini ili uingie *150*00#, menyu ya M-Pesa, laini yako inahitaji mtandao wake wenyewe. Kwa hiyo watu wananunua laini ya pili, na wasio na simu ya laini mbili wanatoa betri, wanabadilisha kadi, wanarudisha betri. Ruzuku imetolewa na umma, ila faida ya kwanza, ile ya kumhamisha mteja, imekwenda kwa kampuni iliyoshinda.

Dawa ya hili inajulikana: mnara uliojengwa kwa fedha ya umma uwe wazi kwa kampuni nyingine kufunga vifaa vyake kwa ada ya haki. Kufunga vifaa kwenye mnara uliokwisha simama ni nafuu mno kuliko kusimamisha mwingine, na nchini kwetu kampuni za simu zilishazoea kupanga kwenye minara ya wengine. Kubwa kati yao ziliuza minara yao zamani kwa kampuni za minara. Kinachokosekana vijijini ni sababu ya kibiashara kwa wa pili kuja. Ruzuku ndogo ya pili, kwa ajili ya mpangaji wa pili, ingekuwa fedha iliyotumika vizuri kuliko mnara wa 759.

Kuhusu minara ya zamani ya 2G, mpango ulikuwa na sehemu yake: minara 304 iongezewe uwezo ifike 3G na 4G. Sehemu hii haikupigiwa ngoma kama ile ya 758, na nadhani ilistahili zaidi. Mahali ulipo mnara tayari, njia ya kufika ipo, mlinzi yupo, umeme wa namna fulani upo. Unabadilisha vifaa tu.

Hazina inavuta upande wa pili

Mpango wa mawasiliano unaandikwa na wizara ya mawasiliano. Bei ya simu na bei ya salio, kwa sehemu kubwa, zinaamuliwa na wizara ya fedha kila Juni. Wizara hizi mbili hazikuwa zikisoma ukurasa mmoja.

Bajeti ya 2021/22 ilifanya jambo la busara: iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na lengo lilitajwa, kufikia asilimia 80 ya watumiaji wa intaneti ifikapo 2025. Mwaka mmoja baadaye msamaha ule ukafutwa, kwa hoja kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi wa mwisho. Inawezekana ni kweli. Wafanyabiashara wa Kariakoo hawashushi bei kwa kusoma Gazeti la Serikali. Lakini mwaka mmoja ni muda mfupi mno wa kupima soko ambalo mzigo wake unaagizwa Guangzhou miezi kadhaa kabla, na ambalo sehemu kubwa ya bidhaa inapita njia ambazo VAT haikuwa ikizifika tangu mwanzo. Kama tatizo lilikuwa bei kutoshuka, kulikuwa na njia ya kulifuatilia: simu za bei ya chini tu, bei elekezi, risiti. Badala yake nafuu ilifutwa yote, na lengo la asilimia 80 likabaki kwenye karatasi.

Mwaka huohuo, tarehe 15 Julai 2021, zikaanza tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, na tozo nyingine kwenye kuongeza salio. Kelele zilizofuata hazijasahaulika. Septemba tozo za miamala zikapunguzwa kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata zikaendelea kulegezwa. Fedha zilijenga vituo vya afya na madarasa, hilo lilionekana kwa macho. Lakini tazama nani aliyelipa. Mtu wa mjini ana benki, ana kadi, anaweza kukwepa. Wa kijijini benki yake ni kibanda cha wakala chenye mwavuli. Kwa mkono mmoja tulimpelekea mnara, kwa mwingine tukamfundisha kurudi kwenye kutuma pesa kwa kondakta wa basi.

Halafu kuna kitambulisho. Tangu Mei 2019 laini haisajiliwi bila alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na Januari 2020 zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Sababu za usalama zinaeleweka. Matokeo yake vijijini ni kwamba wanawake wengi na wazee, ambao namba zao zilichelewa, wanatumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya waume au wajukuu. Kwenye takwimu hao wana simu. Siku laini ikifungiwa au mwenye jina akifa, akiba ya M-Pesa inageuka kesi ya mirathi.

Na siwezi kuandika kuhusu kufikisha intaneti kwa wananchi nikaruka Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, ambapo intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Minara ilikuwa imesimama, ya ruzuku na isiyo ya ruzuku. Mwekezaji anayepiga hesabu ya kata yenye mapato ya milioni 52 kwa mwaka anaiweka hatari hiyo kwenye kitabu chake, na safari ijayo ataomba ruzuku kubwa zaidi.

Kinachohesabiwa

Watu milioni 8.5 ni karibu mmoja katika kila Watanzania saba kwa sensa ya 2022. Lakini kufikiwa, kwa maana ya mpango huu, ni kuishi ndani ya eneo la mnara. Hakusemi kama una simu inayoshika 4G, kama una pa kuichajia, kama unaweza kusoma menyu, kama siku ya gulio mnara unazidiwa na watu. Mfuko wenyewe unajua hili; kwa miaka umekuwa ukipeleka kompyuta mashuleni na kuwafundisha walimu TEHAMA katika vyuo vya DIT, UDOM na MUST. Kazi nzuri, ila inakwenda kwa orodha yake na minara kwa orodha yake. Sijaona sababu kwa nini shule iliyo chini ya mnara mpya isiwe ya kwanza kupata kompyuta, na mwalimu wake wa kwanza kwenda chuoni.

Kama mikataba ya awamu nyingine inaandikwa, ningebadilisha mambo matatu. Kwanza, sehemu ya mwisho ya ruzuku isilipwe mnara unapowashwa, ilipwe baada ya miaka miwili ya kuwa hewani kwa kiwango kilichokubaliwa. Mnara unaozimika kila dizeli ikiisha au betri zikiibwa ni chuma tu. Pili, kila mnara wa ruzuku uwe na ukurasa wa wazi: kijiji, kampuni, tarehe ya kuwashwa, siku ulizolala. Diwani na mtendaji wa kata wakiwa na karatasi hiyo kwenye kikao cha baraza la madiwani, kampuni itasikia haraka kuliko barua kumi kutoka Dodoma.

La tatu ni simu yenyewe, na hapa fedha inatosha. Mtaani simu za mkopo zipo tele: unaweka kianzio, unalipa kidogo kidogo kila siku, ukichelewa skrini inafungwa. Zinasaidia, lakini ukimaliza kulipa umenunua simu kwa bei ya kukatisha tamaa, na masharti yake yanampendelea mwenye kipato cha kila siku, yaani bodaboda na mama ntilie wa mjini, siyo mkulima anayepata pesa mara moja kwa msimu. Asilimia 5 ya ruzuku ile ya bilioni 126 ni bilioni 6.3. Ukiitumia kupunguza shilingi 50,000 kwenye simu janja ya shilingi 150,000, na marejesho yakapangwa baada ya mavuno, unapata simu 126,000, kama 166 kwa kila mnara. Hazitoshi kata nzima. Zinatosha kuanza na wale ambao simu zao hutumiwa na wengine: mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wakala wa pembejeo, mwenyekiti wa kitongoji, na mama anayeshika daftari la kikoba.